Mchicha kwenye kichanga cha Dodoma: mkaa wa pumba peke yake umeniangusha, urea peke yake imenikimbia, viwili pamoja vimekubali

#1 Mama Majaruba

Wanajamvi salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu jukwaa la kilimo kwa muda mrefu, nimeokota mengi, leo nalipa deni.

Nina bustani ya robo eka upande wa Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nalima mchicha, chainizi na figiri, mzigo naupeleka soko la Majengo na mwingine naugawa kwa akina mama wanaotembeza mitaani. Ardhi yangu ni kichanga. Ukimwaga ndoo ya maji unaisikia inakunywa, ukirudi baada ya saa mbili za jua unakuta vumbi.

Misimu miwili ya mwanzo nilitegemea urea. Nikiweka, siku ya nne mboga inakolea kijani hadi mpita njia anasimama kuuliza bei. Siku ya kumi na mbili inaanza kufifia, nami narudia. Jaruba moja lilikuwa linakula urea mara nne kwa mwezi. Nikipiga hesabu mwisho wa mwezi, fedha ya mchicha imerudi dukani kwenye mbolea. Bwana shamba mmoja alikuja, akachota udongo kiganjani, akaubana, ukamwagika kati ya vidole. Akaniambia, "Mama, hapa unailisha ardhi ya chini huko, mchicha unaambulia harufu."

Ndipo akanieleza habari za bayocha. Ni mkaa, lakini wa shambani: pumba za mpunga, magunzi au maganda ya karanga yanayochomwa kwa kubanwa hewa, yawe meusi badala ya kuwa majivu. Nilichangamka mno. Nikanunua magunia ya pumba kutoka Bahi, nikachoma, nikamwaga debe sita kwenye kila jaruba la mita moja kwa kumi, nikapanda siku hiyo hiyo. Mbolea sikuweka hata punje, nikiamini mkaa ndio mbolea yenyewe.

Mchicha uliota vizuri. Wiki ya pili majani ya chini yakawa na rangi ya ndizi mbivu. Shina jembamba kama njiti, limeingia wekundu, jani la juu dogo mfano wa kucha. Niling'oa mche mmoja nikauweka kiganjani, mizizi mirefu imeshika vipande vyeusi vya mkaa, lakini mche wenyewe una njaa. Msimu mzima ukapotea. Nililia, sitaficha.

Msimu huu nimetenga majaruba manne yaliyopakana, mbegu moja, maji yale yale. La kwanza samadi tupu. La pili samadi na mbolea ya dukani. La tatu samadi na mkaa. La nne vyote. La nne lilinipa mafungu arobaini na kidogo, la pili halikufika thelathini. La kwanza na la tatu hayakupishana sana, yote yalikuwa nyuma. Na la nne nilimwagilia asubuhi tu, wakati mengine ilibidi asubuhi na jioni. Kwa anayenunua petroli ya pampu anajua maana ya hilo.

Hiyo ni bustani moja kwa msimu mmoja, msije mkaichukua kama msahafu. Lakini naomba tujadili, maana naona wengi huku kwetu wanauziwa mkaa huu kwa maneno makubwa kama nilivyouziwa mimi.

#2 Kijana wa Ihumwa

Uzi mzuri sana mama. Hebu fafanua la nne ulifanyaje hatua kwa hatua, vipimo vyote. Ukisema tu "vyote" tutaharibu.

#3 Mchuuzi Majengo

Dada nakubali kwa upande wa soko. Mchicha uliosukumwa na urea ya haraka haraka unakuja mrefu, laini, ukifika saa nne asubuhi umeshalala kwenye meza. Nanyunyizia maji kutwa nzima. Ule wenye jani zito unafika jioni bado umesimama. Mteja haulizi mbolea gani, anashika shina tu.

#4 Mama Majaruba

@Kijana wa Ihumwa, jaruba langu ni mita 1 kwa 10, kwa hiyo mita za mraba 10.

Mkaa niliweka kilo 10 hivi ukiwa mkavu. Wa pumba ni mwepesi sana, kwangu zilikuwa kama debe tatu. Sikuuweka mbichi safari hii. Niliuchanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza, debe kwa debe, nikamwagia maji mpaka ukiubana mkononi unalowesha kiganja bila kuchuruzika, nikafunika kwa turubai wiki tatu, kila wiki naugeuza. Mkojo wa ng'ombe nao nilimwagia kila nilipoupata. Baada ya hapo nikachanganya kwenye udongo wa juu, kina cha kiganja.

Kupandia niliweka DAP gramu 150 kwa jaruba zima, nikaifukia kwenye mistari. Kukuzia niliweka urea mara mbili, gramu 60 kila mara: mara ya kwanza siku kumi baada ya mchicha kuota, ya pili baada ya kupunguzia miche. Niliiyeyusha kwenye keni mbili za lita kumi, nikamwagilia kwenye udongo, kisha nikasuuza majani kwa maji matupu ili yasiungue. Jaruba la pili nalo lilipata mbolea kiasi hicho hicho.

Gramu nilipima kwa mizani ndogo ya jikoni, nimeinunua kwa ajili hiyo tu.

#5 Bwana Shamba Mstaafu

Mama Majaruba, hongera. Kilichokuangusha mwanzo kimewaangusha wengi, na ni vizuri umekisema waziwazi. Niruhusu nieleze kwa nini, kwa sababu mtu akijua sababu hatababaika hata vipimo vikibadilika.

Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ikiingia kwenye udongo wenye unyevu hugeuka kuwa amonia, kisha vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti. Naitreti hutembea na maji. Kwenye mfinyanzi maji huenda polepole, mzizi unawahi. Kwenye kichanga chetu maji hushuka kwa kasi, na naitreti inashuka nayo hadi kina ambacho mzizi wa mchicha haufiki. Huyo bwana shamba wako alisema kweli. Na ukiiacha urea juu ya udongo jua la Dodoma likiwaka, sehemu nyingine inapaa hewani kama amonia. Ile harufu kali inayochoma pua ni fedha yako inaondoka.

Mkaa una vitundu vidogo sana visivyohesabika. Vinashika maji, na uso wa mkaa unashika amonia ili isikimbie. Kwenye naitreti msaada wake ni mdogo zaidi, ndiyo maana hata ukiwa na mkaa bado unagawa urea mara mbili au tatu, huiweki yote siku moja.

Sasa kwa nini mkaa mbichi ulikutia njano? Una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno, tena sehemu kubwa ya hiyo kidogo imefungwa, mmea hauipati. Ukiumwaga mtupu, vitundu vile vitupu vinaanza kujaza tumbo lake kwanza. Vinakamata naitrojeni kidogo iliyokuwepo kwenye udongo, mchicha unabaki ukisubiri. Ukiulowesha na samadi na mkojo wiki mbili tatu, unaingia shambani ukiwa umeshiba. Wiki tatu zako za turubai ndizo zilizookoa jaruba la nne.

Nimepiga hesabu ya vipimo vyako. Kilo 10 kwa mita za mraba 10 ni sawa na tani 10 kwa hekta, yaani tani 4 kwa eka. Ni kiwango cha kati, kinafaa. Mwanzo ulipomwaga debe sita mbichi ulikuwa umezidisha mara mbili, bila chakula. Naitrojeni yako yote, ya DAP na ya urea, inakuja gramu 82 kwa jaruba. Kwa mchicha wa kuvuna mwezi mmoja inatosha, usiongeze. Mboga za majani zikizidishiwa naitrojeni hurundika naitreti kwenye jani, na anayekula ni mtoto wa mtu. Urea ya mwisho ikae angalau wiki moja, mbili zikiwezekana, kabla ya kuvuna.

Jambo moja la mizani. Watu wengi wanapima kwa kizibo cha soda. Kinasaidia, lakini punje za urea ni nyepesi kuliko za DAP, kizibo kile kile hakina gramu zile zile. Aliye na mizani atumie mizani.

#6 Mgogo wa Bahi

Pumba ndiyo hizo, kwetu zimejaa mashineni tele. Ila naomba tuelewane: pumba za kuchoma ni yale maganda magumu ya juu ya mpunga. Zile laini za kulishia kuku msizipoteze motoni.

Uchomaji wake nimeufanya, nawaambieni njia rahisi. Chukua pipa dogo au debe kuukuu, litoboe matundu mengi ubavuni, juu yake simamisha bomba la bati kama dohani. Washa moto wa vijiti ardhini, ufunike kwa hilo debe, kisha mwaga pumba kulizunguka mpaka lifunikwe kama kichuguu. Moto unakaa ndani, moshi unapanda bombani, pumba zinaungua kutoka ndani kuja nje. Ukiona doa jeusi limetokeza juu ya kichuguu, geuza kwa koleo, za nje ziingie ndani. Ukifika huko usiondoke hata kwenda kula. Zikiwa nyeusi zote, mwagia maji mengi, tandaza, mwagia tena. Ukichelewa unakuta kijivu, hapo umepata majivu.

Usiku mmoja niliamini zimezimika kwa kuwa juu palikuwa pamepoa. Asubuhi gunia tatu zilikuwa majivu matupu, na mzingo wa zizi la mbuzi ulikuwa umeanza kuungua. Ingiza mkono katikati ya rundo, ukihisi joto ongeza maji.

#7 Binti Singida

Mimi sina pumba, nina magunzi na mabua ya mbaazi. Nifanyeje?

#8 Mgogo wa Bahi

@Binti Singida chimba shimo la mfano wa bakuli, juu pana chini pembamba, kina cha magotini. Washa moto chini, tia magunzi tabaka moja. Yakianza kuvaa weupe wa majivu juu, weka tabaka jingine, hivyo hivyo mpaka shimo lijae. Mwali wa juu unakula hewa yote, ya chini hayapati, yanabaki mkaa. Mwisho zima kwa maji. Yakipoa yatwange yawe kama punje za mahindi au chini ya hapo. Twanga yakiwa na unyevu, vumbi lake si la kuvuta. La pumba ndilo baya zaidi, lina mchanga laini wa silika, funga kitambaa puani.

#9 Mzee wa Kondoa

Wanangu nawasoma kwa makini. Nina ombi moja zito.

Nilikuwa kijana wakati mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, unaanza, mwaka 1973. Wengi wenu hamkuona Kondoa ilivyokuwa. Makorongo yaliyoweza kumeza nyumba, ardhi nyekundu imekaa uchi. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lile la mmomonyoko, watu waliumia sana, ng'ombe ndio maisha yetu. Lakini majani yakarudi, miti ikarudi. Nimeona kwa macho yangu gharama ya kurudisha ardhi.

Sasa nikisikia mkaa, moyo unashtuka. Tafadhali mtu yeyote asikate mti akachome mkaa wa kuweka bustanini. Mnachotaja hapa, pumba, magunzi, maganda ya karanga, mabua, hayo ni mabaki, sawa. Siku mtu atakapoanza kuuza magunia ya bayocha ya mgunga, mtuambie tumkatae.

#10 Mama Majaruba

Shikamoo mzee. Neno lako tumelishika. Hata chenga za mkaa za wauza mkaa mjini, ambazo wengine hunishauri nizichukue, nachukua zile zinazotupwa tu, sinunui. Nikianza kuzilipia nitakuwa nimempa mkata miti faida nyingine.

#11 Kijana wa Ihumwa

Nimefanya kama mama alivyoelekeza, kila kipimo. Jamani kwangu haikukubali. Mchicha umedumaa, majani mapya ya juu ndiyo yana njano, mishipa imebaki kijani. Mkaa niliulowesha wiki tatu kamili, mbolea nimepima. Nimekosea wapi? Nimetumia fedha ya mkopo wa kikundi.

#12 Bwana Shamba Mstaafu

Pole kijana. Nijibu matatu: unamwagilia maji gani? Jaruba likikauka, ukingoni panakuwa na weupe? Na mkaa ulikuwa wa nini?

#13 Kijana wa Ihumwa

Maji ya kisima, yana chumvi, hata chai inaharibika. Weupe upo, nilidhani ni mbolea. Mkaa ni wa magunzi.

#14 Bwana Shamba Mstaafu

Hapo ndipo ilipo. Sikia vizuri, na wengine wenye visima vya chumvi wasikie, maana huku kwetu si wachache.

Mkaa mara nyingi una pH iliyo juu ya 7 (pH ni kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni kinyume chake), wa magunzi unaweza kupita 9. Kwenye ardhi yenye uchachu hilo ni dawa, unapandisha pH mmea unafurahi. Lakini wewe ardhi yako inaelekea iko juu tayari kwa sababu ya maji yale. Umeongeza juu ya juu. pH ikipanda hivyo, chuma na zinki vipo kwenye udongo lakini mzizi hauwezi kuvichukua. Majani machanga kuwa njano huku mishipa imebaki kijani ni dalili ya njaa ya chuma. Mama Majaruba alipata njano ya majani ya chini, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Njano mbili tofauti, tiba mbili tofauti. Ungeona njano ukaongeza urea ungejiangamiza, tena kwenye udongo wa pH ya juu urea hupaa zaidi.

Fanya hivi. Usiongeze mkaa tena hapo. Badala ya urea tumia salfeti ya amonia, ile SA, ina naitrojeni asilimia 21 na salfa, inashusha pH polepole. Samadi iliyooza endelea nayo. Majaruba yakingiwe maji ya mvua ya Desemba hadi Aprili yaoshe chumvi ishuke chini, mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, usiiache hata tone lipite nje ya shamba. Ikithibitika kwamba tatizo ni magadi, kuna jasi, inachimbwa hapo jirani Itigi, inasaidia kuyaondoa. Lakini usinunue jasi kwa maneno yangu. Chukua udongo sehemu kumi za bustani, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, peleka ukapimwe pH na chumvi. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, wana maabara, na TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Mlingano kule Tanga pia. Hapa Makutupora TARI wapo, kaulize upokee ushauri wa mboga. Na maji ya kisima peleka chupa moja.

#15 Mwanafunzi UDOM

Naongezea kidogo. Kongwa, si mbali na hapa, ndiko Waingereza walikoleta mradi wa karanga mwaka 1947. Matrekta, mbolea, fedha nyingi, mwaka 1951 wakauacha. Udongo wa kule ukikauka unakuwa mgumu, karanga hazing'oki, na mvua haikuwa waliyoifikiria. Hawakuanza kwa kuuliza udongo. Mkopo wa kikundi ni mdogo kuliko ule wao, lakini mtu akiupoteza unamuuma zaidi. Anayetaka kujaribu bayocha aanze na mita mbili za mraba, akae nazo msimu mmoja.

#16 Mama Majaruba

Kijana wa Ihumwa, nisamehe. Niliandika vipimo bila kusema udongo wangu ukoje. Nilishapima mwaka jana, pH yangu ni 5.6, ndiyo maana mkaa ulinikubali. Nilipaswa kuanza na hilo kwenye bandiko la kwanza, nimeomba wasimamizi waniruhusu kulirekebisha.

#17 Binti Singida

Swali la mwisho kutoka kwangu. Huu mkaa nauweka kila msimu?

#18 Bwana Shamba Mstaafu

Hapana binti. Hauozi kama samadi, unakaa ardhini miaka mingi sana. Kule Amazoni, Amerika ya Kusini, kuna udongo mweusi uliotengenezwa na wenyeji wa zamani kwa mkaa, mifupa na taka za jikoni, karne nyingi zimepita na mpaka leo unalimwa. Ukiweka mara moja kiwango kile, misimu inayofuata weka samadi na mbolea yako tu. Na kwa sababu hautoki, ukikosea kuuweka penye magadi huwezi kuuokota tena. Pima kwanza.

Kuhusu mbolea ya dukani, jisajili kwenye ruzuku, ipo tangu msimu wa 2022/2023, usinunue ya kupimiwa kwenye mifuko ya rambo usiyojua imetoka wapi.

#19 Kijana wa Ihumwa

Nimerudi wakuu. Majibu ya maabara yamekuja: pH 8.4, na chumvi ipo juu kwenye udongo na kwenye maji. Mzee ulikuwa sahihi. Nimeacha yale majaruba, nimehamia kipande cha juu ambako nakinga maji ya paa kwenye simtanki, nimepanda nusu jaruba kwa SA na samadi, bila mkaa. Siku ya kumi na sita leo, majani ya juu ni kijani. Mkaa uliobaki ni viroba vinne, vipo vikavu.

#20 Mama Majaruba

Alhamdulillahi. Hivyo viroba nitavinunua kwa bei uliyochomea, usipate hasara. Jumamosi nakuja mjini na guta kupeleka chainizi Majengo, nikishusha mzigo nitapita Ihumwa saa tano hivi. Nitakuletea na mbegu ya mchicha ya kuanzia jaruba zima.

#21 Kijana wa Ihumwa

Karibu sana mama. Nitakuwa pale barabarani karibu na kituo cha daladala, viroba nitakuwa nimeshavifunga.